Kichupa Kilichoandikwa "Chafu"

Mama yangu alikuwa na kitalu cha mirehani na miasumini uani kwetu Pate, akikilisha mavi ya punda na maji yake ya udhu. Minyoo ya humo ilinona hata kuku wa jirani wakawa wanaruka ukuta kuifuata.

Akaja mwalimu kutoka bara, anasomea shahada ya mambo ya udongo. Alitueleza kuwa tumboni mwa mnyoo oksijeni ni haba, basi vijidudu anavyovimeza pamoja na udongo huchangamka humo na kutoa gesi zinazoizidishia dunia joto. Mama alicheka hadi ushungi ukamwanguka.

"Na wazee wa mtaa huu, mwalimu, wao hamuwapimi?"

Mimi nikapewa kazi. Kila Alhamisi alasiri nilifunika kipande cha kitalu kwa ndoo ya bati, nikangoja saa nzima, kisha nikavuta hewa ya ndani kwa sindano na kuitia katika kichupa chenye kizibo cha mpira. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza, na kiburi changu hakikuwa na mfano.

Alhamisi moja nilitoka kidogo. Kurudi, moshi unafuka chini ya ndoo. Mama aliiona imefunikwa kama tenga la kufukizia nguo, akatia chetezo cha udi ndani.

"Mgeni akiya anuse mavi ya punda kwangu mimi? Aibu hiyo niipeke wapi?"

Nilimgombeza. Nilimwambia hajui kitu, ananifedhehesha mbele ya watu waliosoma. Alitoa chetezo chake, akaenda jikoni. Hewa niliivuta hivyo hivyo, kwa hasira, mwalimu aone nilivyoharibiwa kazi. Yeye alicheka tu, akaandika "chafu" juu ya kichupa, akaniachia.

Mama alifariki kabla ya Ramadhani. Udi wake aliupika mwenyewe na hakunifundisha, maana mimi nilikuwa na mambo makubwa zaidi, ya minyoo. Kichupa nilikiweka kabatini miaka mitatu. Nilimkumbuka kila siku, na kukifungua niliogopa: ningemnusa mara moja, kisha basi.

Wiki iliyopita nilishindwa kuvumilia. Nikang'oa kizibo. Kilinuka mpira.

Nikaenda uani, nikatia udi wa dukani katika chetezo chake, nikakiweka juu ya kitalu na kukifunika kwa ile ndoo. Moshi ukatoka pembeni. Nikakaa kando nikingoja mtu wa kunigombeza kama nilivyomgombeza yeye. Uani hapakuwa na mtu.