Ngozi ya Ng'ombe wa Krismasi

Harufu ya ngozi mbichi iliyolowekwa haifanani kabisa na harufu ya samaki, ingawa mgeni asiyezijua atasema uvundo ni uvundo tu. Sisi tuliokulia Kashikishi, ufukweni mwa ziwa Mweru, samaki wanaoanikwa juani hatuwasikii tena puani. Lakini ngozi ikianza kuachia manyoya ndani ya maji ya chokaa na jivu, hutoa harufu nzito, yenye utamu fulani wa kuchefua, na harufu hiyo inang'ang'ania kwenye nguo na kwenye nywele. Msimu ule wa mvua ilinifuata shuleni, ikanifuata kanisani, mpaka msichana niliyekuwa nikiketi naye benchi moja akahamia nyuma bila kuaga. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilimlaumu baba yangu kwa yote.

Papa alikuwa fundi wa ngozi huko Pweto, Kongo, kabla vita havijatuvusha ziwa. Alishona viatu, mikanda na mikoba, na sifa yake kubwa ilikuwa ala za bastola, ile mifuko ya ngozi ngumu ambayo askari na walinzi huivaa kiunoni. Upande huu wa Zambia hakuna aliyejua habari hizo. Akawa mvuvi katika mtumbwi wa mtu mwingine, yeye ambaye hakujua kuogelea na ambaye kila asubuhi alishika ukingo wa mtumbwi kama mtu anayeshika pembe za fahali. Mama alikuwa akiuza vitumbua sokoni, na upepo ulipovuma kutoka ziwani aliviacha vitumbua vyake na kwenda kusimama ufukweni. Kwa hiyo uvuvi ulipofungwa mwezi wa Desemba, kama unavyofungwa kila mwaka mpaka Machi ili samaki wazaliane, na Ba Mwansa, mkuu wa walinzi kwenye ghala la barafu, akaja kumuuliza Papa kama kweli anaweza kushona ala, nyumba nzima tuliacha kula. Ala ya zamani ya Ba Mwansa ilikuwa imekatika, na alikuwa akiichomeka bastola kwenye suruali, chini ya shati, huku mkewe akimlilia kwamba siku moja atajipiga risasi ya mguu. Alisema, "Ukinitengenezea nzuri, bashi Feza, nitawaambia wakubwa wangu. Walinzi wote wanahitaji." Bashi ni baba kwa Kibemba, na Feza ni mimi. Mama alinitazama tu, nikaelewa: kazi hiyo ikifaulu, Papa harudi majini.

Kaka yangu alikuwa shule ya bweni huko Mansa, basi msaidizi nikawa mimi. Ningependa kusema kwamba baba alinifundisha. Ukweli ni kwamba alinifokea. Alijua kila kitu kwa mikono, na kinywa chake hakikuwa na neno hata moja la kueleza. Nikiuliza sababu, alijibu, "Angalia tu." Nikiangalia na kufanya nilichokiona, alininyang'anya kisu. "Apana, Feza! Haiko vile!" Haiko vile, basi iko vipi? Hilo hakulisema. Nilikuwa nikienda nyuma ya choo kulia kwa hasira, kisha narudi, kwa sababu Mama aliniomba nirudi.

Ngozi ya kwanza tuliipata kwa mchinjaji wiki chache kabla ya Krismasi, nayo ikatuharibikia. Leo naweza kueleza kwa nini, na ninaeleza ili mwingine asihangaike. Ngozi ikitoka kwa mnyama, itie chumvi siku hiyohiyo, upande wa nyama, nyingi, mpaka kwenye shingo na kingo za miguu, halafu ikunje na kuiinamisha ili maji yake yachuruzike. Papa alilijua hilo. Lakini Mama alikuwa na chumvi kidogo ya kupikia, Papa akaona aibu kuiomba yote, akanyunyiza kama anayetia kwenye mboga. Akasema ataianika jua likitoka. Jua halikutoka. Mvua ya Mweru ikishika, huoni hata mstari unaotenga maji na mbingu. Tulipoigusa tena, manyoya yalitoka yenyewe kwa vidole, na ule uso laini wa ngozi ukatoka pamoja nayo kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Papa aliibeba kwenda kuizika, na jirani yetu, bana Chomba, yaani mama Chomba, mwanamke wa Kibemba ambaye uwanja wake ulijaa matumbo ya samaki mwaka mzima, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mukwai jamani, hiki kitu cha hawa Wakongo kitatuua." Nilitamani ardhi inimeze.

Krismasi kanisa lilichinja ng'ombe, na Mama ndiye aliyekwenda kuomba ngozi. Alirudi nayo kichwani, juu yake mfuko mzima wa chumvi, akavitua vyote mbele ya Papa. "Tia yote," alisema. "Tutakula bila chumvi." Tukala bila chumvi. Safari hii kila hatua ilikwenda sawa, ingawa pole pole mno kwa hasira zangu. Tuliosha chumvi, tukaloweka kwenye pipa la chokaa na jivu, tukigeuza kila siku mpaka manyoya yakaachia bila kulazimishwa. Tuliilaza juu ya gogo, tukaparua nyama na mafuta kwa kisu butu, kwa sababu kisu kikali hutoboa. Tukaosha tena na tena mpaka utelezi wa chokaa ukaisha. Kisha tukaponda magome ya muputu, mti unaojaa katika misitu ya huku, tukayaloweka mpaka maji yakawa mekundu kama chai ya rangi.

Hapo Papa akaharakisha. Maji ya magome yanapaswa kuanza mepesi, halafu yaongezwe ukali kidogo kidogo. Ukianza na makali, ngozi inajifunga nje na ndani inabaki mbichi. Yeye alimwaga yote. Februari ilikuwa inaingia, mitumbwi ilikuwa ikipakwa lami ufukweni, na aliona siku zake zinakwisha. Alipoitoa na kutangaza kwamba imeiva, mimi nilichukua wembe nikakata kipande kidogo pembeni. Katikati ya mkato kulikuwa na mstari mweupe.

"Papa, ndani haijaiva."

"Nani alikutuma kukata?"

"Hakuna. Lakini tazama."

Aliuinamia mkato. Kisha akairudisha ngozi kwenye pipa. Baadaye nilipokata tena, rangi ilikuwa imepenya mpaka katikati, ya kahawia tupu. Tukaianika kivulini, tukaipaka mafuta ya ng'ombe ikiwa bado na unyevu, tukaikunja na kuikunjua mpaka mikono ikavimba.

Ba Mwansa hakuruhusiwa kuacha silaha kwa mtu, kwa hiyo Papa alichonga bastola ya mti, kwa kumbukumbu ya zile alizozijua Pweto. Aliishona ala juu yake kwa sindano mbili na uzi wa nyavu uliopakwa nta, mshono ulionyooka kama mstari wa daftari. Ilikuwa nzuri, sitaki kudanganya. Ba Mwansa akaja, akatoa risasi zote mbele yetu, akachomeka. Bastola ilizama, ikacheza ndani kama mguu wa mtoto katika kiatu cha mtu mzima.

"Yangu ni fupi," alisema kwa upole.

Papa aliichukua ile ala, akaitupa ukutani. "Njo maana nilisema ngozi inanikataa," akasema, ingawa hakuwahi kusema hivyo. Akatoka, akaelekea ufukweni, kwenye mitumbwi.

Mama akaniangalia. Nami nilikuwa nimekasirika kuliko wote, kwa sababu nywele zangu zilikuwa zimenuka miezi miwili. Niliiokota, nikafumua mshono wa upande mmoja, nikailoweka kwenye maji ya uvuguvugu, si ya moto, maana ya moto huikunjamanisha. Nikamwomba Ba Mwansa aifunge bastola kwa plastiki ya sukari isipate kutu, akae hapohapo akiishikilia kwa mkono wake. Nikaivuta ngozi juu yake, nikaibonyeza kwa mpini wa kijiko kila penye kona, nikahakikisha sehemu ya kufyatulia imefunikwa yote. Nikakata ziada, nikashona upya. Mshono wangu ulipinda. Ilipokauka, akarudi, akachomeka, na bastola ikakaa. Aliigeuza juu chini, akaitikisa, haikuanguka. Akaniita fundi mbele ya watu.

Papa aliikagua jioni ile ile. Alipitisha kidole chini ya mshono wangu kutoka mwanzo hadi mwisho. "Hapa umeruka tundu," akasema. Basi. Uvuvi ulipofunguliwa hakurudi majini, akashona ala za walinzi na za visu kwa miaka mingi, akazeeka, akafa kitandani pake. Na mimi bado nasubiri neno lingine.

Sasa nina karakana yangu Nchelenge. Ngozi nyingi zinatoka kiwandani, laini, zisizo na harufu, na fundi mpya anaweza kumaliza mkanda kabla ya chakula cha mchana. Wanaokuja kujifunza huwa naapa kuwaeleza kila kitu, na sababu ya kila kitu, kwa sauti, mara mbili. Majuzi Chanda, dereva wa pikipiki anayetaka kushona viti, aliniletea ngozi ya mbuzi aliyoiandaa mwenyewe. Nilikuwa nimemweleza habari ya chumvi mpaka yeye mwenyewe akairudia kwangu neno kwa neno. Niliigusa, manyoya yakabaki vidoleni. Baba yangu hakunieleza lolote, nikajua. Mimi nimemweleza huyu yote, hajui. Nilikuwa nimechoka na kukasirika, nisijue nimkasirikie nani kati ya hawa wawili.

"Sasa nifanye nini, fundi Feza?" akauliza.

"Kaizike," nikamwambia. "Kisha utafute mbuzi mwingine. Nitakuja kusimama na wewe."