Aliyemwaga Apanguze

Jumamosi kwenye ploti yetu ya kupanga hapa Kawangware, mama wa ghorofani alimaliza kufua, akamwaga maji ya sabuni kwenye korido. Yakateremka ngazi mpaka ndani kwa jirani wa chini. Huyo hakugomba. Kwanza aliinua godoro akaliweka juu ya meza, upesi, kama mtu aliyezoea. Alikuja Nairobi baada ya ziwa la kwao kufura na kumeza boma lao.

"Pole, jirani," mama wa juu akaita. "Lakini si ungetafuta keja, hata chumba kidogo, huku juu?"

"Nilishahama kwa sababu ya maji ya ziwa. Sasa nihame tena juu ya sabuni yako?"

Mwenye ploti, mzee asiyependa maneno mengi, alionyesha ngazi kwa kidole. "Hapa aliyemwaga ndiye hupanguza. Shuka na tambara."

Mama wa juu akashuka akinung'unika, akapanguza mpaka chini ya kitanda.

Jioni redio ikasema nchi tajiri, ambazo moshi wao umevuruga mvua zetu, zinatushauri tujifunze kuishi na mafuriko. Jirani alikuwa akishusha godoro. Akageukia redio.

"Na hao, mwenye ploti wao ni nani?"

Msomaji, kama unamjua, mwambie tambara liko hapa.