Mama Vishindo na hatua kumi na nne

Saa saba kamili mchana, msumeno wa fundi seremala wa jirani unanyamaza. Mama Vishindo anavua bangili, anafunga dirisha, kisha anainua mkono kumwashiria fundi sauti aliye nyuma ya kioo. Ana saa moja tu. Saa nane seremala atakuwa ameshakula, na msumeno ukiwaka hakuna kinachorekodiwa humu hadi kesho.

Kwenye luninga ya ukutani, paka mnene wa katuni anaruka kutoka juu ya kabati. Kimya. Mama Vishindo anaachia taulo lililoloa lianguke juu ya mto. Pwata! Bibi wa katuni anainuka ghafla, na Mama Vishindo anavunja tambi mbili kavu: hayo ni magoti ya bibi. Nje ya nyumba ya katuni mvua inaanza, naye anamimina mchele kwenye sinia, taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtoto.

Mwandishi wa makala haya alifumba macho ajaribu kusikiliza tu. Loo! Mama wa miaka hamsini na minne aliyepiga magoti katikati ya masufuria alitoweka. Ilibaki nyumba yenye watu wake, mvua juu ya bati, na mtu anayepuliza chai isimuunguze. Ukifumbua macho unaona ni yeye yule, ameshika kikombe kisicho na kitu.

Katuni yenyewe ni anime ya vichekesho kutoka Japani, inayotangazwa kwa Kiswahili kwa jina la Kwetu Hakuna Jipya. Jina halidanganyi. Hapigani mtu, haokolewi mtu. Yupo baba msahaulifu, mama asiyekubali kushindwa kwa maneno, bibi, binti wa miaka kumi na huyo paka. Kipindi kizima kinaweza kuisha familia inatafuta mfuniko wa sufuria ambao paka ameulalia. Watoto wanashika mbavu kwa kucheka. Watu wazima wanajifanya wanapita tu sebuleni, na hawaondoki.

Tatizo ni kwamba vipindi vilifika vikiwa na sauti zote zimefungwa pamoja. "Ukimtoa anayesema Kijapani, mlango unaondoka naye, kikombe kinaondoka naye, hata mvua," anaeleza fundi sauti, kijana mpole anayevaa vifaa vya masikioni kutwa nzima. "Tuliweka sauti za Kiswahili, tukapata watu wanaoongea vizuri ndani ya nyumba iliyokufa."

Wakati huo, miaka sita iliyopita, Mama Vishindo alikuwa mfanya usafi wa jengo hilo. Siku moja alikuwa anaosha vikombe kwenye korido, na mlio ukapenya ukutani ukaingia kwenye rekodi, pale pale mama wa katuni alipoinua kikombe chake.

"Nikamwona kijana anatoka mbio. Nikasema, haya, leo nimefukuzwa," anasimulia huku akicheka. "Kumbe ananiambia, mama, hebu rudia."

Amerudia tangu siku hiyo. Kipindi kimoja cha dakika ishirini na mbili kina sauti zisizopungua mia tatu, na zote zinatoka mikononi na miguuni mwake. Ana jozi arobaini na tatu za viatu, nyingi zikiwa za mitumba, na hakuna hata moja inayomtosha vizuri. Theluji ni unga ndani ya soksi. Moyo wa binti anayeogopa mtihani ni ngumi juu ya kifua chake mwenyewe.

"Majirani walikuwa wananitania, eti debe tupu haliachi kuvuma," anasema. "Nikawaambia, hilo debe ndilo linalolipa kodi ya nyumba."

Sauti moja tu ilimshinda: nyayo za baba. Fundi sauti alimwambia bila kumficha kwamba baba wa katuni anatembea kama mama aliyebeba trei. Basi akamleta mumewe, tarishi wa ofisi aliyekuwa amezunguka mji kwa miguu miaka ishirini na sita, akamvalisha kandambili na kumwambia atembee tu.

Mumewe alikuwa na mwendo wake. Mguu wa kulia ulikanyaga, wa kushoto ukaburuta kisigino kidogo. Ta, chwaa. Ta, chwaa. Kwenye picha baba wa katuni anatembea sawasawa kabisa, lakini katika harakaharaka za siku ile hakuna aliyegundua. Waligundua watoto. Walianza kuuliza mbona baba anaburuta mguu, na baada ya wiki mbili walikuwa wanatembea hivyo mitaani, wakicheka. Kosa likageuka kitambulisho. Ukisikia ta, chwaa, unajua baba amefika na amesahau kitu.

Miezi minane iliyopita, mumewe alipata kiharusi. Upande wa kushoto ulilala. Alirudi kutoka hospitali na mkongojo, akakaa kwenye kiti kilichoangalia mlango, na tangu siku hiyo hajatembea hatua moja bila huo mkongojo.

"Mguu wangu ulikuwa unajulikana na nusu ya watoto wa mji huu," anasema mzee huyo. "Leo unashindwa na zulia."

Kwa muda fundi sauti aliziba pengo kwa hatua za zamani. Lakini kilichobaki sasa ni kipindi cha mwisho cha msimu, na kituo cha televisheni kinakitaka kesho asubuhi. Humo baba amekuwa kazini mbali kwa miezi miwili, anarudi bila kutoa taarifa. Picha haimwonyeshi. Inaonyesha familia mezani, vijiko vikiwa hewani, wakisikiliza hatua kumi na nne: tatu za ngazi ya mbao, kumi na moja za ukumbini. Wanamtambua kwa mwendo. Mlango ukifunguliwa, kila mmoja anajifanya hakuwa hata anamkumbuka.

Fundi sauti alikata hatua za zamani akaziunganisha. Mama Vishindo alisikiliza, akatikisa kichwa. "Huyo anakwenda jikoni kunywa maji," alisema. "Mimi namtaka anayerudi nyumbani." Alivaa kandambili za mumewe akajaribu mwenyewe mara thelathini na moja. "Nikitembea nasikika naiga."

Ndiyo maana leo, saa saba na nusu, mlango unafunguliwa na mzee anaingia, mkongojo mbele.

"Shikamoo, mzee," anasema fundi sauti.

"Marahaba, mwanangu. Zulia mmelitoa?"

"Tumelitoa lote."

Anavaa kandambili zake. Wanajaribu kwa mkongojo: ko, ko, ko. Fundi sauti anakunja uso, maana baba wa katuni hana mkongojo. Wanajaribu akiwa ameshika ukuta, lakini kiganja kinachokwaruza kinasikika kuliko miguu. Anajaribu peke yake, hatua ya pili inamyumbisha, na mkewe anamdaka.

Anaketi. Jasho linamtoka. "Basi, mama watoto. Tumejaribu." Ni saa nane kasoro dakika sita.

Mama Vishindo anavua viatu. Anavua hereni. Anakusanya sketi yake na kuifunga kwa kamba kiunoni isisuguane. Kisha anauchukua mkono wa mumewe na kuuweka begani kwake.

"Wewe piga kelele, mimi ninyamaze," anamwambia. "Leo tubadilishane kazi."

Wanapanda ngazi tatu za mbao zilizo pembeni ya studio. Huku nyuma ya kioo mwandishi anawaona wawili, mama amembeba mzee karibu nusu ya uzito wake, mishipa ya shingo imemtoka. Lakini kwenye spika anasikika mmoja tu. Ta, chwaaa. Ta, chwaaa. Mama aliyejaza nyumba nzima kelele kwa miaka sita anatembea pekupeku kwenye mbao zilizolegea, na mbao hazimsemi. Hata pumzi yake haisikiki. Jamani, kuna watu wanaojua kazi.

Hatua ya tisa, mzee anasimama. Mkewe hamvuti. Fundi sauti ameweka kidole juu ya kitufe cha kusimamisha, hakibonyezi. Sekunde moja, mbili, tatu. Kisha ta, chwaaa. Kumi. Mpaka kumi na nne.

"Mama, ile ya tisa alisimama," anasema fundi sauti. "Turudie?"

"Anayerudi nyumbani husimama kidogo," anajibu Mama Vishindo, akihema sasa, kwa fujo kabisa. "Anasikiliza kama wote wapo."

Wanaiweka kwenye picha. Hatua zinakuja, zinasimama, na pale pale zinaposimama binti wa katuni anashusha kijiko na kuangalia mlango. Hakuna aliyepanga. Ndivyo alivyochorwa huko Japani, na mtu ambaye hakumjua kabisa mzee huyu. Mwandishi alisisimka mwili mzima, na hana aibu kuliandika hilo gazetini.

Ni saa nane na dakika kumi na moja ndipo mtu anapokumbuka msumeno. Fundi sauti anafungua mlango na kumkuta seremala amesimama koridoni, penseli sikioni, mkono mfukoni.

"Mmemaliza?" anauliza. "Nilikuwa nasubiri baba afike."

Msimu ujao unaanza kurekodiwa baada ya miezi mitano. Mama Vishindo ameshautazama, na katika kipindi cha tatu baba anamfukuza paka kuzunguka nyumba nzima, baada ya paka kuiba soksi yake. Anataka mumewe aifanye sehemu hiyo mwenyewe. Ameshapima korido ya nyumbani kwao kwa ajili ya mazoezi: hatua ishirini kwenda, ishirini kurudi.

"Nimfukuze paka, mimi huyu?" mzee anashangaa, mkono ungali begani kwa mkewe.

Mama Vishindo anainama, anaokota taulo lililoloa pale juu ya mto, analikamua.

"Paka mwenyewe si huyu hapa," anasema. "Nitamwambia akimbie polepole."