Siku Reli Yangu Ilipopelekwa Makaburini

Mkasa huu nausimulia bila kujificha, maana walionicheka wamekwishachoka kunicheka, na alhamdulillahi mimi mwenyewe nimecheka nao.

Ujanani nilikuwa kibarua wa stesheni hapa Mtwara. Reli yetu ilipong'olewa nilibaki na uchungu, basi miaka ikapita, nimeshakuwa mwalimu wa madrasa Shangani, nikaamua kuitengeneza upya, ndogo. Nilipata mlango wa plaiwudi kwenye nyumba iliyobomolewa, ule ulio mtupu ndani, ukiugonga unalia kama ngoma (seremala akanicheka, "Maalimu, huo hauzuii hata mbuzi!"), lakini mimi nilitaka kitu kirefu, kilichonyooka, chepesi kubeba, na hakuna meza iliyoushinda. Juu yake nikalaza reli za njiti za mwavuli, mabehewa ya makopo ya maziwa, na stesheni yenye kengele yake. Miezi minane, kila baada ya alasiri. Ilipendeza, Mungu anisamehe kujisifu.

Siku ya maonyesho ya kazi za mikono mgeni rasmi alikuwa akague saa nne, na atakayechelewa kazi yake haitaangaliwa. Majirani wanne wakauinua mlango mabegani. Nikahofia vumbi, nikaufunika kwa shuka la kijani. Kosa langu ndilo hilo tu. Nikatangulia na kanzu yangu nyeupe, nikisoma uradi kwa sauti ya chini kama kawaida yangu njiani.

Hebu fikirini: mwalimu mbele, wanaume wanne nyuma, shuka la kijani mabegani! Kinyozi akaacha kichwa cha mtu nusu, muuza mihogo akafunika karai, kila mtu akafuata kutafuta thawabu ya kusindikiza jeneza, na kama ilivyo desturi wakaanza kupokezana, hatua chache huyu, hatua chache yule, hata majirani zangu wakajikuta nje ya safu. Mimi sikugeuka (uradi haukatwi katikati). Nilisikia "La ilaha illa Llah" zikizidi nyuma yangu, nikafurahi kwamba majirani wamezidi uchaji.

"Mwepesi, masikini," nikasikia mtu akisema. "Aliugua sana huyu."

Hapo nikageuka. Watu kama hamsini, na wameshakata kona ya makaburini! Nikakimbia, kanzu nimeikunja mkononi.

"Jamani, simameni! Hakuna maiti! Ni reli!"

"Majonzi hayo," akasema mzee mmoja kwa upole. "Mshikeni maalimu wetu asianguke."

Wakanishika kweli, wawili, huku na huku, wakinipa pole. Saa nne inakaribia. Nikanyoosha mkono nikalivuta shuka.

Yule mzee, Mmakonde aliyewahi kulaza mataruma ya reli, akainama juu ya mlango. "Hii si stesheni yetu? Na kengele ipo!" Machozi yakamlengalenga, halafu akaangua kicheko, na makaburi mazima yakacheka.

Wakaibeba mbio mpaka uwanjani, wote hamsini. Mgeni rasmi alikuwa anafunga daftari. Akatazama reli, akatazama umati, akauliza treni ile ilikuwa inabeba nini, na kabla sijafungua mdomo yule mzee akamjibu, "Sisi."

Sijapata kujivuna hivyo maishani. Lakini niliapa, na kiapo nimekitunza: nikiwa na mzigo njiani uradi nausoma moyoni, na kila hatua kumi nageuka nyuma kuhesabu watu.