Fisi Mwenye Mkanda Shingoni

Miaka ile ya dhahabu nilifundisha biolojia katika sekondari moja ya Nyamongo. Asubuhi darasa lilijaa. Malori ya mgodi yakianza kumwaga kifusi, wavulana wangu waliumwa tumbo kwa pamoja na kuomba ruhusa. Jioni niliwaona wakishuka na mawe ya dhahabu mgongoni, wazima kabisa.

Kwa sababu ya mgodi, mtandao wetu ulikuwa wa uhakika kuliko maji. Labda ndiyo maana tulichaguliwa katika mpango wa kuwauliza maswali, kwa kompyuta, walimu wa ng'ambo waliofuatana na watafiti porini. Tuliomba mwalimu aliyekuwa kwenye barafu, kusini kabisa mwa dunia. Tukapewa aliyekuwa wilaya jirani ya Serengeti, akichunguza fisi. Maswali yetu yalikwenda kwanza Ulaya, kwenye ofisi ya mpango, yakakaguliwa, ndipo yakarudi kwa mtu ambaye ungemfikia kwa basi kabla ya chakula cha mchana.

Mwanzoni tuliuliza kama anaipenda Tanzania. Alijibu kwamba anaipenda sana. Kisha msichana mmoja, aliyekuwa akiishi na shangazi yake muuza chakula kwa wachimbaji na kumsaidia kazi, akasimama.

"Mwalimu, naomba kuuliza swali la kweli."

"Uliza."

"Kuna fisi ana mkanda shingoni. Amekula mbuzi wa bibi yangu kule Morotonga. Huyo fisi ni wa nani?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Kwetu wafugaji, mnyama mwenye alama ana mwenyewe. Nikalituma lilivyo. Ulaya wakalirudisha, wakituomba tuondoe neno "amekula" lisije likawahuzunisha watoto wa shule nyingine. Tukaandika kwamba fisi "alikutana na" mbuzi.

Mwalimu wa porini alijibu kwa furaha: fisi hana mwenyewe, mkanda unatuonyesha tu alipo. Kisha akauliza, "Bibi yako anaishi nchi gani?"

"Mwambie nchi ya Morotonga," msichana akasema.

Ndipo mwalimu wa porini akajua kwamba tu majirani, na Jumamosi iliyofuata tulikutana naye huko, kwa bibi. Alikuwa kijana wa Kizungu, mwembamba, shingo imeungua jua. Alikuwa amejifunza "shikamoo" na akamwamkia bibi, mbwa na mimi. Bibi alizungumza Kikurya, mjukuu akaniletea kwa Kiswahili, nami nikampelekea mgeni kwa Kiingereza.

"Mwambie amfunge fisi wake."

"Anasema si wake, bibi. Mkanda unamwonyesha tu alikolala."

"Basi amejuaje alikolala jana?"

Nilitafsiri. Kijana akasema hawezi kumfunga, ila anaweza kusaidia kuziba zizi. Bibi akampa panga. Alikata miiba hadi jua likawa kali, mikono yote damu, na sijawahi kumwona msomi aliyefurahi vile.

Aliahidi pia kutoa taarifa fisi akisogea. Alitimiza, lakini kwa njia ile ile ya Ulaya. Ujumbe ulifika kwetu kesho yake, msichana akampigia bibi simu.

"Bibi, fisi yuko karibu."

"Mwambie asante. Nimeshaona nyayo zake."

Hata hivyo wavulana wakanogewa. Siku za majibu hakuna aliyeumwa tumbo; walibishana, ramani mezani, kama fisi angepita kushoto au kulia kwa zizi, na kwa ubishi huo wakajifunza kusoma ramani, jambo ambalo mimi nilikuwa nimeshindwa kuwafundisha kwa muhula mzima. Siku nyingine walirudi kwenye mawe kama kawaida.

Utafiti ulipokwisha, kijana akarudi kwao. Msichana aliendelea kumwandikia, kwa anwani ya kijana mwenyewe sasa, si kupitia ofisi ya mpango, akiuliza kwa nini fisi jike ndiye anayetawala na nani kamchagua. Alipomaliza kidato cha nne aliondoka kwenda kidato cha tano kusoma sayansi. Shangazi alisikitika, kwa kuwa alikuwa amempoteza msaidizi wakati biashara imechangamka.