Karakana Iliyong'olewa kwa Vidole Viwili

Mtaani wanamwita Mama Vijumba, ingawa hana mtoto. Jina amelipata kwa kazi yake. Hujenga mifano: miji mizima ya kadibodi, plaiwudi na plastiki inayoenea juu ya meza moja, yenye barabara, taa, na miti ya sponji iliyochovywa kwenye rangi ya kijani. Chuoni alisomea uchoraji wa majengo, lakini majengo makubwa hayakumpa riziki, akayageukia madogo. Mteja wake mkubwa ni ofisi ya uwekezaji, ile ambayo kazi yake ni kuwaita matajiri wa nje waje kujenga viwanda nchini. Kabla mgeni hajaonyeshwa nchi yenyewe, huonyeshwa meza ya Mama Vijumba.

Ukimtazama akipuliza vumbi kwenye paa la kiwanda kisichozidi kiberiti, utasema mwanamke huyu hawezi kumdhuru hata sisimizi. Sisimizi kweli hawezi. Lakini mkurugenzi wa ofisi hiyo alikuwa habari nyingine. Mama Vijumba alimwekea kinyongo, akakilea na kukilisha mpaka kikanenepa.

Mkurugenzi huyo tulimwita Fursa, kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila kulitaja neno hilo. Mvua ikinyesha ni fursa, umeme ukikatika nao ni fursa. Tungemcheka yakaisha, kama asingekuwa mtu wa nyumbani. Alikua mtaa mmoja na kaka yake Mama Vijumba. Kazi zake za shule alizifanyia kwenye karakana yao ya useremala, juu ya maranda, akinywa chai yao, na kaka alipooa ni yeye aliyemsimamia harusini. Mke wa kaka akamwita shemeji tangu siku hiyo, na alimwita hivyo kwa moyo mweupe.

Kaka aliirithi karakana kwa baba yao. Milango ya nusu ya mji imepita mikononi mwake. Ofisi ya Fursa ilipohamia jengo jipya, ni yeye aliyetengeneza lile benchi refu la mapokezi, wanapokaa watu wanaosubiri kumwona mkurugenzi. Alilipiga msasa mpaka likawa laini kama shavu la mtoto, maana lilikuwa la rafiki yake.

Halafu serikali ikatafuta mahali pa kujenga eneo la viwanda, na mahali penyewe pakawa pale pale penye karakana. Fursa alikuja na suti yake, akajipakia juu ya meza ya kazi kama zamani, miguu ikining'inia.

"Ndugu yangu, usiogope tingatinga," alisema. "Hii ni fursa. Wewe ndiye utakuwa kiwanda cha kwanza mtu akiingia getini. Mgeni akija, sura ya kwanza kuiona ni yako."

Kaka akaamini. Nani asingeamini? Wakampiga picha akiwa ameshika randa, anacheka meno yote nje, wakaiweka kwenye ukurasa wa mwisho wa kijarida wanachogawiwa wageni. Mama Vijumba naye akapewa kazi ya kuujenga mfano wa eneo lote. Kando ya geti akaiweka karakana mpya ya kaka yake, kubwa kama dole gumba, na ndani yake akatia hata benchi, ambalo hakuna mtu angeliona.

Fursa akaja kuukagua. Aliuzunguka mara moja, akainama getini, akaing'oa karakana kwa vidole viwili kama mtu anayetoa unywele kwenye mchuzi.

"Hapa tuweke maegesho," akasema. "Wawekezaji wanapenda nafasi."

"Si ulimwahidi kaka?"

"Dada'ngu, mambo yamebadilika." Akaitumbukiza karakana kwenye kiganja cha Mama Vijumba. "Wape watoto wachezee."

"Sina watoto."

"Basi itunze mwenyewe. Ni fursa ya kumbukumbu!" Akacheka, akaondoka akijipangusa gundi vidoleni.

Alikitunza kweli kile kijumba, juu ya rafu, mbele ya macho yake. Tingatinga lilikuja, na kaka akawa amesimama barabarani akitazama ukuta mmoja mmoja ukilala. Kisha akaanza kwenda ofisini kuuliza nafasi yake. Kila alipokwenda alivaa shati lililopigwa pasi, akakaa kwenye lile benchi alilolitengeneza mwenyewe. Sekretari alimwambia bila kuinua macho, "Subiri kidogo, yuko kwenye kikao." Akirudi tena, "Suala lako liko kwenye mchakato." Fursa alikuwa akitokea mlango wa nyuma. Siku moja kaka alimwona kupitia dirishani akiingia garini, akamwita kwa jina lao la utotoni, na Fursa akapandisha kioo.

Kaka akarudi nyumbani, akaitundika randa msumarini, asiiguse tena. Alikaa barazani tu. Bawaba ya mlango wa jikoni ilipolegea, mkewe aliita fundi wa mtaa wa pili, naye kaka akabaki kumtazama mtu mwingine akipiga nyundo ndani ya nyumba yake. Fundi yule aliufunga vibaya, ukawa unakwaruza sakafu, na kaka hakusema neno. Siku hiyo Mama Vijumba aliona kwamba kaka yake anakufa huku akipumua, akaapa kwamba aliyemfikisha hapo atailipa aibu hiyo mbele za watu.

"Wewe una moyo gani?" wifi yake alimuuliza. "Kaka yako kaharibikiwa, na bado unamfanyia kazi yule mtu?"

"Namfanyia, wifi."

"Kwa nini?"

"Nikiacha, nitamkaribia vipi?"

Wifi akamtazama vizuri.

Eneo la viwanda lenyewe liliishia getini. Lilikuwa geti la fahari, lenye bendera na maandishi ya shaba, lakini nyuma yake palikuwa na kichaka, kifusi, na uzio uliolala. Wageni walifikishwa hapo, wakapigwa picha, wakaambiwa ndani kuna vumbi la ujenzi. Yaliyobaki waliyaona mezani, Fursa akiwasimulia. Na alikuwa na namna yake ya kusimulia. Aliupa mfano mgongo, akawakabili wageni na kamera, na kwa fimbo ndefu nyembamba akawa anaonyesha kinyumenyume, juu ya bega, bila kugeuka. Aliijua ile meza kwa moyo. Watu walimpigia makofi kwa mbwembwe hizo, kwa hiyo hakuziacha hata siku moja.

Ndipo ikasikika kwamba unakuja ujumbe mkubwa kuliko yote, na waziri atakuwepo. Fursa akapiga simu. "Dada'ngu, mfano ni ule ule. Ongeza rangi na taa. Ufunike kwa kitambaa, nitaufungua mwenyewe."

"Sawa, bosi," akasema Mama Vijumba, na moyo ukamruka kwa furaha.

Alitengeneza meza mbili. Ya kwanza ilikuwa ile ile, yenye rangi na taa, na Fursa alipopita kuikagua akaisifu sana. Ya pili aliificha chumbani. Alikwenda mwenyewe kwenye lile eneo, akachungulia uzioni, akarudi kuyajenga aliyoyaona: geti la fahari, kichaka, njia ya miguu, na mbuzi mmoja aliyefungwa penye nafasi ya ghala la baridi. Kando ya geti, badala ya maegesho ambayo nayo hayakujengwa, akaweka kifusi cha karakana.

Alikuwa anagundisha vipande vya kifusi hicho kaka alipoingia kuomba kiberiti. Akakitazama kutoka mlangoni.

"Si hivyo," akasema.

"Si vipi?"

"Ukuta wenye dirisha haukuanguka. Ulibaki umesimama peke yake. Na meza ya kazi ilivunjikia upande huu." Akavuta kiti. Akachukua kisu mkononi mwa dada yake, akaanza kuchonga kijiti. Mama Vijumba aligeuza uso ili kaka asimwone akilia, kisha akamweleza kila kitu anachokusudia. Kaka hakumkataza. Alichosema ni, "Mbuzi huyo mfanye mnene. Anakula vizuri pale."

Siku yenyewe, ukumbi wa hoteli ulijaa. Mama Vijumba alisimama ukutani, karibu na nyaya za kamera. Waziri alikuwa kiti cha mbele, na pembeni yake kiongozi wa ujumbe, mzee mwenye miwani minene, na mkalimani akimnong'oneza. Fursa akavuta kamba, kitambaa kikaanguka, na kama kawaida yake alikuwa amekwisha kuwageukia watu.

"Waheshimiwa, nyuma yangu mnaiona fursa!" Fimbo ikapita juu ya bega. "Hapa, ghala la baridi la kisasa!"

Fimbo ikamgusa mbuzi kiunoni.

Kicheko kikatoka nyuma ya ukumbi. Fursa akadhani ni furaha, akapata mori. "Hapa barabara ya njia nne!" Fimbo ikatua kwenye kichaka. "Hapa umeme usiokatika!" Ikatua kwenye uzio uliolala. Watu walikuwa wamesimama kuangalia, wengine wanapiga picha kwa simu, na mkalimani alitafsiri kwa uso mkavu, neno kwa neno. Waziri peke yake hakucheka.

"Na hapa getini," Fursa akapaza sauti, kama kijarida kilivyokuwa bado kinaahidi, "ndiyo fahari yetu hasa, mafundi wetu wa nyumbani!"

Ncha ya fimbo ikaingia kwenye lile dirisha la kaka na kukwama. Fursa akaivuta, ukuta ukatikisika. Ndipo akageuka. Mama Vijumba alikuwa ameingojea sura ile kwa muda mrefu, akaitazama yote, kuanzia macho mpaka kidevu, na roho yake ikasuuzika.

Mzee wa miwani akasema jambo. "Mgeni anauliza," mkalimani akasema, "hii nyumba iliyobomolewa ni ya nani?"

Fursa bado alikuwa akiivuta fimbo.

"Ya kaka yangu," Mama Vijumba akajibu kutoka ukutani. "Mnaye mikononi. Fungueni ukurasa wa mwisho wa kijarida."

Ukumbi mzima ukasikika ukifunua kurasa. Na hapo alikuwepo kaka, na randa yake, anacheka.

Mzee hakutaka hotuba nyingine. Alitaka basi. Wakaenda, na safari hii hawakusimama getini, kwa sababu waziri mwenyewe alitangulia kuingia kichakani na viatu vyake vinavyong'aa. Ukuta wenye dirisha ulikuwa umesimama vile vile. Mbuzi alikuwepo pia, na wanaosema kweli wanasema alikuwa mnene. Ujumbe ukaondoka bila kuahidi chochote, na Fursa akaambiwa apumzike nyumbani mpaka waziri atakapomwita.

Wapo waliosema Mama Vijumba ameitia nchi aibu. Mimi nasema aibu ilikuwa pale zamani, yeye aliiondolea kitambaa tu.

Haukupita muda mrefu, Fursa akaja nyumbani kwao kwa miguu. Suti ilikuwa ile ile lakini bega moja limelala. Alimkuta Mama Vijumba uani akikausha miti yake ya sponji, na wifi akichambua mchele.

"Shemeji, hujambo," akaanza.

Wifi aliendelea na mchele wake.

"Dada'ngu, nisaidie. Waambie ulikosea, ulileta meza ya mzaha. Mmoja tu akisema hivyo, nitarudi kazini. Mimi si mtu wa nyumbani? Niitieni kaka yenu nimwangukie."

Kaka akatokea ndani. Mama Vijumba aliogopa, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii, maana alimjua kaka yake kuwa na moyo laini. Kaka akamtazama rafiki yake, akamwonyesha ubao uliolazwa juu ya matofali mawili.

"Karibu, kaa."

Fursa akakaa haraka, akashika mikono pamoja. "Ndugu yangu, nilikuwa..."

"Subiri kidogo," kaka akasema. "Niko kwenye kikao."

Akaingia jikoni, akaung'oa ule mlango uliokuwa ukikwaruza, akautoa uani na kuulaza. Akaenda msumarini, akaishusha randa, akaipuliza vumbi, akayajaribu makali yake kwa kidole. Kisha akaanza kuranda. Msukumo wa kwanza ulikwama, wa pili ukapita, na maranda yakaanza kumwagika miguuni mwake. Wifi aliacha mchele, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mama Vijumba alibaki na mti wa sponji mkononi, asijue auweke wapi.

Jua lilisogea mpaka likamfikia Fursa usoni. Hakuna aliyempa maji. Alijifuta jasho, akaikunja miguu, akaikunjua, mwisho akashindwa, akainuka kusema neno.

"Bado," kaka akasema bila kuinua macho. "Suala lako liko kwenye mchakato."

Fursa akaketi tena.