Kiti cha Diwani Juu ya Pamba

Mkono wangu wa kushoto ulivunjwa na kiti cha diwani, na diwani mwenyewe alikuwa bado amekikalia. Nilikuwa golini, macho kwenye mpira, nikasikia nyuma yangu kishindo kama ng'ombe anajigaragaza. Kugeuka, naona magunia ya pamba yanakuja, na juu ya magunia chifu, bibi ya chifu, kreti ya soda, na diwani kwenye kiti chake cha mbao. Mimi nikawa chini kabisa. Pamba iliyonifunika pua ilikuwa nyeupe safi, haina doa. Nakumbuka niliikagua, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Watu wa Malaba husimulia habari hii wakicheka. Hata mimi hucheka nao, mpaka wafike pale wanaposema kosa lilikuwa la wanawake. Hapo hunyamaza. Sasa nimechoka kunyamaza.

Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru. Sisi wasichana na akina mama tulikuwa tunachambua pamba kwenye stoo ya ushirika, karibu na reli. Mkulima analeta, sisi tunatenga, nyeupe huku, yenye madoa kule. Msimu ukiisha pamba inakwenda kiwandani, na stoo inabaki na panya tu kwa miezi mingi.

Akaja dada mmoja wa kizungu kutoka Denmaki kutufundisha kushona. Siku moja mvua ikatufungia ndani, akatoa picha kwenye mkoba. Ilikuwa picha ya nyumba. Ndefu kuliko treni, paa limepinda kama mgongo wa kobe, na katikati hakuna nguzo hata moja. Sakafu ya mbao inang'aa. Pande zote watu wameketi, mstari juu ya mstari kama ngazi, mpaka karibu na paa. Chini yao wanawake wamevaa kaptula, wanarushiana mpira kwa mikono.

"Nani analala humo?" aliuliza mama aliyekuwa mkubwa wetu kazini, mnene, sauti kama ya ngoma.

"Hakuna mtu."

"Na mahindi je?"

"Hakuna mahindi, mama. Ni ya kucheza tu. Kwetu nje kuna barafu, kwa hivyo tunacheza ndani. Karibu kila mji uko na yake."

"Nyumba yote hii, hata kuku halali?"

"Hata kuku."

Mama mkubwa akamrudishia picha. "Hawa watu wako na mabati mengi," akatuambia.

Mimi niliona kitu kingine kwenye ile picha. Niliona mlango, na mlango ulikuwa umefungwa.

Maana sisi tulikuwa hatuna pa kucheza. Uwanja ulikuwa wa wanaume na kandanda yao. Tukirusha mpira kando ya barabara, malori yanasimama, madereva na matanboi wao wa kushusha mizigo wanatoa kichwa dirishani kujadili miguu yetu. "Dada, hiyo miguu ni ya Kenya ama imevuka mpaka?" Kule Denmaki walijenga nyumba kuzuia baridi. Sisi tulitaka nyumba ya kuzuia midomo.

Tukaenda kwa mzee mwenyekiti wa ushirika, mtu mzuri, Mungu amrehemu. Akatuangalia akasema, "Mkifagia, na mkiua panya, chezeni."

Tuliua panya, jamani. Tukafagia, tukachora mistari kwa majivu, tukashona kaptula, na hapo masomo ya kushona yakapata maana. Tukafunga mlango. Sijui kama naweza kuwaeleza raha ya kukimbia, na matiti yako na makalio yako, bila mtu kusema neno. Mvua ikipiga mabati, filimbi ilikuwa haisikiki, kwa hivyo yule Mdenmaki alikuwa anapunga kitambaa cha manjano, na asiyekiona anaendelea peke yake na mpira mpaka ukutani huku sisi tunakufa na kicheko.

Matanboi wakaja kugonga. "Fungueni na sisi tuone!"

"Kiingilio ni panya mmoja," mama mkubwa akajibu. "Awe amekufa."

Habari ikavuka mpaka. Wanawake wa Tororo wakaunda timu yao, wakatuma salamu kwamba wanakuja kutufundisha adabu. Lakini pamba mpya ilikuwa imeanza kuingia, na magunia yalikuwa yanajaa nyuma ya goli langu. Tulijua siku zetu zimekwisha. Ndipo diwani aliposikia. Akasema atakuja kutazama, na akipendezwa atatuombea ghala la zamani kando ya reli liwe letu mwaka mzima, pamba iwepo isiwepo. Usiku na mchana hatukuzungumza kitu kingine.

Siku ya mechi, karani wa stoo akatuharibia. Huyu kijana wa tai alikuwa ameiona ile picha, akataka wageni waketi kama Denmaki. Akapanga magunia kama ngazi mpaka kwenye boriti za paa.

"Karani," mama mkubwa akamwambia, "gunia la pamba si jiwe. Linabonyea."

"Mama, wewe kazi yako leo ni kucheza."

Chifu aliridhika na ngazi ya katikati. Diwani hakuridhika. Alitaka kiti chake kipandishwe juu kabisa, awe juu ya chifu, na watu wanne wakakipandisha. Halafu karani akakosa meza ya soda. Akainama, akavuta gunia moja la chini, pembeni, akalipandisha mbele ya chifu liwe meza. Nilikuwa karibu, niliona kwa macho yangu.

"Rudisha hilo," nikamwambia.

"Wewe angalia mpira."

Basi nikaangalia mpira. Na tulicheza! Tororo walikuwa na mama mmoja mrefu, akinikaribia anasema, "Nyabo, leo utameza huu mpira," na mimi namwambia alete na chumvi. Tulikuwa tunaongoza. Akarusha moja ya nguvu, nikaipangua kwa ngumi, na stoo nzima ikashangilia. Wageni wakaanza kupiga miguu juu ya magunia, na aliyepiga kuwashinda wote ni diwani.

Mengine nimeshasema. Waliokuja kunifukua ni wale wa Tororo, yule mrefu akiwa mbele. Watu wetu walikuwa wanamtafutia diwani kofia.

Hospitalini Busia walinifunga mkono vibaya. Mpaka leo nikiunyoosha kuonyesha mtu njia ya Nambale, unaonyesha Uganda.

Kwenye baraza, diwani akasimama akasema mchezo wa wanawake ndani ya nyumba ni hatari na si mila yetu. Karani akatikisa kichwa kukubali. Chifu alikaa hapo na bendeji kichwani. Stoo ikatiwa kufuli. Ghala la zamani tuliloahidiwa likajazwa mifuko ya saruji ya diwani. Mdenmaki akarudi kwao akatuachia mpira, nao uko kwa mama mkubwa, chini ya kitanda, hauna pumzi.

Karani sasa ana duka Nambale. Diwani amestaafu, anakaa Sigalame na ng'ombe zake, tukikutana matangani ananiuliza, "Mama, mkono unaendeleaje?" kama mtu anayeulizia mvua.

Mkono unaendelea, mzee. Lakini wanawake tuliocheza siku ile wengi wetu bado tuko, na mabinti zetu bado wanarusha mpira kando ya barabara, malori yakisimama. Njooni barazani nyinyi wawili, wewe na karani, mbele yetu, mtujibu. Nani alivuta gunia la chini? Nani alitaka kukaa juu ya chifu? Na ule ufunguo wa ghala, mzee, uko mfuko gani?